Miller, daktari aliyefichua kinachotoboa meno

KAMA umewahi kuzibwa jino, au kumshika mkono mwanao akizibwa, huenda ulijiuliza kwa nini daktari anachelewa. Anachimba, anasafisha tundu, anapaka dawa, anakausha, ndipo anaweka gundi na kujaza. Sababu ya hatua hizo tunaipata katika maisha ya Willoughby Dayton Miller.

Miller alizaliwa mwaka 1853 katika jimbo la Ohio, Marekani. Hakuanza na meno. Alisoma hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akaenda Ulaya kuendelea na masomo. Mjini Berlin, Ujerumani, alifahamiana na daktari wa meno Mmarekani, Frank Abbot, aliyemvuta kwenye fani hiyo na baadaye akawa baba mkwe wake. Miller alihitimu udaktari wa meno Philadelphia mwaka 1879, akarudi Berlin.

Alirudi wakati mzuri. Mwaka 1882, katika mji huohuo, Robert Koch alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Miller alijifunza mbinu za Koch za kuotesha bakteria, akazielekeza kinywani. Kwa karne nyingi watu wa nchi nyingi waliamini jino huliwa na funza, na hata kwetu bado tunasikia habari za "mdudu wa jino".

Jaribio lake lilikuwa rahisi. Alichukua meno yaliyong'olewa, akayaweka kwenye mate yaliyochanganywa na mkate au sukari, katika joto kama la mwili. Meno yakalainika. Alipotumia mafuta ya nyama badala ya mkate, hayakulainika. Alipochemsha mate kwanza, meno yalibaki salama, kwa kuwa bakteria walikuwa wamekufa. Kumbe bakteria wanakula wanga na sukari tunavyoacha kinywani, wanatoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Mwaka 1890 kitabu chake kuhusu vijidudu vya kinywa kilitoka kwa Kiingereza, na msingi wa maelezo hayo unafundishwa hadi leo.

Miller aliona pia kwamba bakteria hawabaki juu tu. Tabaka la ndani ya jino lina vijimirija vyembamba mno, nao huingia humo. Kwa hiyo alipima dawa mbalimbali za kuua vijidudu vya kinywa. Mwaka 1891 aliandika kwamba vijidudu hivyo vinaweza kuleta maradhi sehemu nyingine za mwili. Wengine baadaye walilichukua wazo hilo na kung'oa meno kwa wingi, ingawa yeye alipendelea jino litibiwe na kuzibwa.

Mwaka 1907 alirudi Marekani kuongoza shule ya meno ya Michigan. Hakuwahi kuanza kazi. Alifariki baada ya upasuaji wa kidole tumbo, akiwa na miaka 53.

Leo daktari anaweza kupaka dawa kama klorheksidini kabla ya gundi ili kupunguza bakteria waliobaki. Lakini dawa haichukui nafasi ya kuondoa sehemu iliyooza, wala ya kuziba vizuri. Ujazo ukivuja, mate na sukari huingia chini yake na bakteria hupata chakula upya. Ukiziba sawasawa, wachache waliobaki hukosa chakula.

Tena si kila dawa inafaa. Dawa ya kung'arishia nguo isiguse jino wala kinywa, huunguza. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini yanaweza kuzuia ujazo wa rangi ya jino usigande vizuri. Ukiwa umeyatumia, mwambie daktari kabla hajaanza.

Mzazi, mtoto akizibwa jino usimharakishe daktari. Muulize ameondoa uozo wote unaopaswa kuondolewa? Tundu limekauka, halina mate, kabla ya gundi? Nyumbani, punguza soda na pipi kati ya milo na msimamie mtoto apige mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala. Jino likiuma usiku au ujazo ukilegea, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya chenye daktari wa meno.