Muuguzi Aanze kwa Kujitambua

Mama yangu aliwahi kulazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Wauguzi waliijua kazi yao. Dawa zilitolewa kwa saa na kidonda kilisafishwa ipasavyo. Lakini jioni moja wawili wao walisimama mlangoni wakinong'onezana, na mama akakesha usiku kucha akidhani wanazungumzia kifo chake. Ndipo nilipomkumbuka Florence Nightingale.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1820 mjini Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake, Waingereza wenye mali, hawakutaka kabisa awe muuguzi, kwani kazi hiyo ilidharauliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1851 alipata mafunzo huko Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1854 akaongoza wanawake 38 hadi Scutari, Uturuki, kuwauguza askari wa Vita vya Crimea. Maelfu waliaga dunia, wengi kwa maradhi wala si kwa majeraha.

Aliporejea Uingereza mwaka 1856 sifa zilimtangulia. Hazikumlevya. Alizichambua takwimu za vifo, akatambua kwamba uchafu na msongamano wa hospitali, ikiwamo ile aliyohudumu mwenyewe, ulichangia pakubwa maafa hayo. Wangapi miongoni mwetu wangethubutu kujikagua hivyo? Nyani haoni kundule.

Mwaka 1860 chuo chake cha uuguzi kilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Huko wanafunzi hawakupimwa kwa ufundi wa mikono tu. Mwenendo wao pia uliandikwa kila mwezi, yaani uaminifu, utulivu na kushika wakati. Katika kitabu chake, Notes on Nursing, alikemea minong'ono karibu na mgonjwa pamoja na kumpa matumaini ya uongo. Alimtaka anayezungumza na mgonjwa aketi mahali ambapo mgonjwa atamwona bila kugeuza shingo. Alifariki mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 90.

Rai yangu kwa wakufunzi wetu ni hii: pamoja na sindano na bendeji, mwanafunzi apewe nafasi ya kujihoji kila jioni. Nimemkaripia yule mzee kwa nini? Ni kosa lake, au ni uchovu wangu, hofu yangu au dharau yangu? Wale wawili wa mlangoni hawakuwa wabaya. Hawakujua tu kwamba mgonjwa anawatazama.