Matthew Flinders na Kamba ya Bildi

Ndugu msomaji, katika kitivo chetu tumezoea kusimulia maisha ya washairi, watunzi wa riwaya na wakusanyaji wa kamusi. Mara hii nimemchagua mtu wa kazi nyingine: Matthew Flinders, mwanamaji Mwingereza aliyetumia ujana wake kupima kina cha bahari, mikondo na miamba ya matumbawe kandokando ya Australia. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha: kazi yake ina maneno mazuri ya Kiswahili ambayo sisi watu wa bara hatuyatumii, na neno lisilotumika hufa. Ya pili ni ya maisha yenyewe: namba ndogo ndogo zilizoandikwa kwenye karatasi zilimgharimu mtu huyu uhuru wake, afya yake na miaka yake.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1774 huko Donington, mji mdogo wa Lincolnshire. Baba yake alikuwa tabibu, lakini kijana alisoma hadithi ya Robinson Crusoe, akaipenda bahari, na akiwa na miaka 15 akaingia jeshi la majini. Mwaka 1791 alipanda merikebu Providence chini ya nahodha William Bligh, yule aliyenyang'anywa merikebu Bounty na mabaharia wake mwenyewe mwaka 1789. Safari ilikuwa ya kuchukua miche ya mishelisheli huko Tahiti na kuipeleka visiwa vya Karibi, iwe chakula cha watumwa. Septemba 1792 walipita Mlango wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya. Bahari ile imejaa matumbawe, na kuivuka kuliwachukua karibu majuma matatu. Flinders alikuwa na miaka 18. Mimi nadhani shule yake ya kweli ilikuwa pale, kwa maana hakuacha tena kuifikiria njia hiyo.

Nieleze kidogo chombo chake cha kazi. Bildi ni kipande cha risasi cha kilo tatu hadi sita hivi, kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Baharia husimama ubavuni mwa chombo na kuirusha mbele. Chombo kinapofika juu yake, kamba husimama wima, naye husoma alama. Alama zenyewe ni vipande vya ngozi na vitambaa vya namna mbalimbali, ili hata usiku vidole viweze kuzitambua. Kipimo chake ni pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Neno tunalolitumia kila siku kama kitenzi, kupima, linabeba ndani yake mwili wa mtu aliyefungua mikono. Chini ya risasi kuna shimo linalotiwa mafuta ya mnyama yaliyoganda. Bildi ikigusa chini, mchanga, tope au vipande vya matumbawe hunata, na nahodha hujua kama nanga itashika.

Kwenye pwani ya mchanga bildi huonya mapema: pima 20, kisha 15, kisha 10, kisha 7. Kwenye matumbawe haina huruma hiyo. Mwamba hupanda kutoka kilindini kama ukuta wa nyumba. Bildi inaweza kukosa chini kabisa, na baada ya kitambo kidogo merikebu ikagonga. Kwa hiyo mpimaji hulazimika kutuma mashua mbele, kuweka mtu juu ya mlingoti atazame rangi ya maji, na kuchunguza maji yanatiririka kuelekea wapi.

Katika jambo hili la mwisho Flinders alikuwa na jicho kali. Mwaka 1798 yeye na rafiki yake, tabibu George Bass, walisafiri kwa chombo kidogo kilichoitwa Norfolk ili kujua kama Tasmania imeungana na Australia. Siku moja mkondo ulikuwa umetoka mashariki mchana kutwa, lakini walipokaribia ufuko walikuta maji yamekupwa. Flinders alitambua kwamba kama ni hivyo, basi maji ya kujaa hutoka magharibi, na kama yanatoka magharibi, kuna bahari wazi upande huo. Baadaye mawimbi marefu ya bahari kuu yalithibitisha hoja yake. Walikizunguka kisiwa chote, na mlango ule wa bahari ukapewa jina la Bass.

Aprili 1801 alimwoa Ann Chappelle. Alitaka kusafiri naye, lakini wakuu wa jeshi la majini walikataa. Miezi mitatu baadaye aliondoka na merikebu Investigator, akimwacha mkewe Uingereza. Hakuna aliyejua kwamba wataonana tena baada ya miaka tisa.

Kazi ilikuwa kuipima pwani yote ya Australia. Kila jioni merikebu ilirudi nyuma kutoka pwani, na asubuhi ilirejea mahali palepale ilipoachia, ili pasibaki pengo. Flinders mwenyewe alipima pembe na kuchora ramani. Pamoja naye alikuwemo Bungaree, mwenyeji wa nchi ile, ambaye alitangulia ufukoni kukutana na watu ingawa lugha za kaskazini hazikuwa zake.

Oktoba 1802 waliingia katika miamba mikubwa ya mashariki, safu ya matumbawe yenye urefu wa kilomita zaidi ya 2,000. Katika ghuba moja ya pwani ile alikuta maji yakipanda karibu mita 10 kati ya kupwa na kujaa. Kwa siku nyingi walitafuta upenyo wa kutokea bahari kuu. Asubuhi waliingia njia iliyoonekana safi, na mchana walikuta imezibwa, wakarudi. Alitembea juu ya mwamba maji yalipokupwa, akaandika juu ya rangi za matumbawe na juu ya viumbe wadogo wanaoujenga, ambao wakifa huacha kazi yao iwe msingi wa kisiwa. Alipopata njia, aliwaandikia manahodha wengine kwamba asiye na moyo wa kuongoza chombo kati ya miamba akiwa juu ya mlingoti asisogelee sehemu ile.

Mwezi uliofuata, katika Ghuba ya Carpentaria, mafundi seremala walimletea habari mbaya: mbao za merikebu zilikuwa zimeoza. Hali ya hewa ikiwa nzuri, ingeweza kuishi miezi sita hivi. Ikipigwa na dhoruba, ingezama. Aliendelea kupima. Februari 1803 alikutana na mashua za wavuvi wa Makassar, waliofika kuvua jongoo bahari kama walivyozoea. Mkalimani wao alikuwa mpishi wa Flinders, Mmalai. Sisi wanafunzi wa lugha tukumbuke hilo: siku ile mtu wa jikoni alikuwa wa lazima kuliko maofisa wote. Flinders alishangaa kuona kwamba wavuvi wale walijiongoza kwa dira moja ndogo ya mfukoni.

Juni 1803 Investigator ilifika Sydney ikiwa haifai tena, na mabaharia kadhaa walikuwa wamekufa kwa kuhara damu. Flinders alipanda Porpoise kama abiria ili arudi nyumbani. Usiku wa tarehe 17 Agosti, Porpoise na merikebu nyingine, Cato, zilipanda juu ya mwamba ambao haukuwemo katika ramani yoyote. Watu watatu walikufa. Waliobaki, watu 80 na zaidi, walikaa juu ya fungu la mchanga. Ramani zililowa, lakini ziliokolewa. Flinders alichukua mashua wazi pamoja na watu 13, akasafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Sydney, na baada ya majuma sita alirudi kwenye fungu lile na vyombo vitatu kuwaokoa wenzake.

Kisha akapanda Cumberland, chombo cha tani 29, kuelekea Uingereza. Kilivuja, na Desemba 1803 alilazimika kutia nanga Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi. Hakujua kwamba Ufaransa na Uingereza zimeingia tena vitani. Hati yake ya kupita ilitaja Investigator, si Cumberland. Gavana Decaen alimshuku kuwa mpelelezi. Flinders naye alikuwa na kiburi, akakataa mwaliko wa chakula nyumbani kwa gavana. Alizuiliwa miaka sita na nusu. Hata amri ya Napoléon ya kumwachilia, iliyofika kisiwani mwaka 1807, haikutekelezwa.

Katika miaka ile alijifunza Kifaransa kwa familia iliyompokea, aliandika juu ya pepo na kipimahewa, na alichunguza jinsi chuma cha merikebu kinavyopotosha dira. Lakini nisifiche upande mwingine. Mashamba ya kisiwa kile yalilimwa na watumwa, wengi wao kutoka Bukini, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mfungwa aliyelilia uhuru wake alilishwa kwa jasho la watu ambao hakuna gavana aliyeandikiwa barua kwa ajili yao.

Aliachiliwa Juni 1810. Alimkuta Ann, wakapata binti mmoja mwaka 1812, lakini afya ilikuwa imeharibika. Alikimbizana na kifo ili amalize kitabu chake pamoja na ramani. Kitabu kilitolewa tarehe 18 Julai 1814. Kesho yake alifariki, akiwa na miaka 40. Jina alilolipendelea kwa nchi ile, Australia, lilishinda baada yake. Kaburi lake lilipotea mjini London, mpaka Januari 2019 wachimbaji wa njia ya reli walipolikuta na kumtambua kwa bamba la risasi juu ya jeneza. Julai 2024 alizikwa tena Donington.

Kuna uzi unaomfikisha kwetu. Robert Brown, mtaalamu wa mimea aliyesafiri naye kwenye Investigator, ndiye aliyechapisha mwaka 1818 maelezo ya mimea iliyokusanywa karibu na mdomo wa mto Kongo na msafara wa nahodha Tuckey wa mwaka 1816. Tuckey alisimamishwa na maporomoko, akafa mwaka uleule pamoja na wengi wa msafara wake. Sisi Wakongo tunajua nini hufuata baada ya wapimaji. Wenyeji wa Australia walijua pia: ramani iliyookoa mabaharia ndiyo iliyowaonyesha walowezi njia ya kuingia. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, nami siwezi kufuta moja kwa ajili ya lingine.

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katika ramani zake Flinders alichora njia ya merikebu na namba za pima kando yake. Kila atakayezisoma aone mpimaji alipita wapi, na wapi hakuna namba kwa sababu bildi haikushuka. Ningependa na sisi tunaokusanya maneno ya lugha zetu tufanye hivyo: tuandike tulilosikia, mahali tuliposikia, na pengine pote tuache peupe mpaka mtu afike. Na tuanze na maneno haya: bildi, pima, bamvua, kupwa, mkondo. Msomaji aliyezaliwa karibu na Ziwa Tanganyika, ukijua mengine ya wavuvi wa kwenu, yalete kitivoni tuyaandike.