Jigoro Kano: kijana mnyonge aliyetafuta namna ya kujilinda akaanzisha judo

Vijana wa Bunia wanaotaka kujifunza kujilinda hujiuliza swali moja kabla ya kuvaa kimono kwa mara ya kwanza: waende judo, karate au taekwondo? Mzazi ambaye mtoto wake mwembamba anarudi kutoka shuleni na nguo zilizochanika naye huuliza kama kuna mchezo ambamo mdogo anaweza kumshinda mkubwa.

Karibu miaka 150 iliyopita, mwanafunzi mmoja wa Japani alisumbuliwa na swali hilo hilo. Jina lake ni Jigoro Kano. Namna alivyotafuta mwalimu, alivyojifunza na alivyobadilisha alichofundishwa inaweza kumsaidia hata leo kijana anayeanza.

Kano alizaliwa mwaka wa 1860 huko Mikage, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kobe. Ukoo wake ulijulikana kwa kutengeneza pombe ya mchele, na baba yake alifanya kazi na serikali katika mambo ya usafiri wa meli. Mama yake alifariki Kano akiwa bado mtoto, ndipo baba akamhamishia Tokyo ili apate masomo mazuri.

Masomoni hakuwa na shida. Alikuwa na akili, hasa katika lugha za kigeni. Shida ilikuwa mwili. Hata alipokuwa mtu mzima urefu wake haukupita mita 1.57, na alipokuwa na miaka 14 hivi alikuwa na kilo 41 tu. Katika shule ya bweni, wanafunzi wakubwa walimpiga na kumwonea. Akili yake haikumsaidia kitu mbele ya ngumi zao.

Hapo ndipo aliposikia habari za jujutsu, sanaa ya zamani ya askari wa Japani ambayo iliaminiwa kumwezesha mtu dhaifu kumwangusha mwenye nguvu. Rafiki mmoja wa familia, aliyekuwa zamani mlinzi wa mtawala wa Japani, alimwonyesha mbinu chache lakini akakataa kumfundisha. Wengine waliokuwa wakifika nyumbani kwao walikataa pia. Baada ya mabadiliko ya utawala ya mwaka wa 1868, Japani ilikuwa inakimbilia mambo ya Ulaya, na jujutsu ilionekana kuwa kitu cha wazee kilichopitwa na wakati. Hata baba yake hakuona faida yake.

Mwaka wa 1877 Kano aliingia Chuo kikuu cha Tokyo, na sasa akaanza kutafuta mwalimu kwa nguvu zake mwenyewe. Njia aliyotumia ilikuwa ya busara. Hakuuliza ni nani anayejisifu kuwa na nguvu. Alienda kwa waunga mifupa, kwa sababu siku hizo walimu wengi wa jujutsu walijipatia chakula kwa kazi hiyo, na alifikiri kwamba wao wangejua ni nani mwalimu wa kweli. Mmoja alimwelekeza kwa mwingine, hadi akafika kwa Hachinosuke Fukuda, mzee aliyefundisha katika chumba kidogo kando ya mahali alipotibia wagonjwa.

Mwanzo haukuwa wa raha. Kano alipomwomba mwalimu amweleze mbinu fulani inafanywaje, mzee alimwangusha chini. Alipouliza tena, akaangushwa tena, hadi akaelewa kwamba mwili hujifunza kwa kurudia. Alirudi nyumbani na michubuko na mwili uliojaa dawa ya kupaka, lakini kesho yake alikuwa tena mazoezini.

Fukuda hakufundisha miondoko ya kupangwa peke yake. Aliwaruhusu wanafunzi washikane kwa uhuru, kila mmoja akijaribu kweli kumwangusha mwenzake. Humo ndani kulikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye mwili mkubwa ambaye Kano hakuweza kumwangusha hata kidogo. Alijaribu mbinu za sumo, mieleka ya Kijapani, zikashindikana. Akaenda kusoma vitabu vya mieleka ya nchi za Magharibi, akapata humo mbinu ya kumbeba mpinzani mabegani. Aliifanyia mazoezi, kisha akamwangusha yule mkubwa.

Mwaka wa 1879, Kano alikuwa kati ya wale walioonyesha jujutsu mbele ya Ulysses Grant, aliyekuwa rais wa Marekani, alipotembelea Japani. Muda mfupi baadaye Fukuda akafariki. Kano akaenda kwa mwalimu wa pili, ambaye naye alifariki mwaka wa 1881, kisha akaenda kwa wa tatu, Tsunetoshi Iikubo, wa shule nyingine ya jujutsu. Kuhama huko kulimfundisha kwamba kila shule ilikuwa na uzuri wake na upungufu wake. Moja ilijua kukaba na kumshikilia mtu chini, nyingine ilijua kuangusha. Hakuona sababu ya kushikamana na moja na kudharau nyingine.

Mwezi wa Mei 1882, akiwa bado hajatimiza miaka 22, alifungua mahali pake pa mazoezi katika hekalu la Eishoji, Tokyo. Alianza na wanafunzi 9 tu, katika chumba cha mikeka 12, yaani karibu mita 20 za mraba. Aliipa shule hiyo jina Kodokan, na sanaa yake akaiita judo, yaani njia ya upole.

Upole huo si woga. Mtu mwenye nguvu anaposukuma, mdogo hashindani naye kwa kusukuma. Anarudi nyuma kidogo, anamvuta kule kule anakoelekea, na mkubwa anapopoteza uzani miguuni, anaangushwa kwa nguvu ndogo. Kano alieleza jambo hilo kwa utaratibu: kwanza kumtoa mpinzani kwenye uzani wake, pili kujiweka mahali panapofaa, tatu ndipo kumwangusha.

Badiliko lake kubwa lilikuwa kuondoa katika mapambano ya mazoezi yale yanayovunja na kujeruhi, kama ngumi, mateke na kukunja viungo vidogo. Wengine wanaweza kufikiri kwamba sanaa ilipoteza makali. Matokeo yakawa kinyume. Kwa kuwa hatari ilipungua, wanafunzi waliweza kupambana kwa nguvu zao zote kila siku, na mtu anayepambana kweli kila siku anajua mwili wake utafanya nini siku ya shida. Mbinu kali isiyoweza kujaribiwa kamwe hubaki kichwani tu. Aliweka pia mbele fundisho la kuanguka bila kuumia, ambalo anayeanza judo hulipata hata leo kabla ya kumwangusha yeyote.

Mwaka wa 1883 aliwapa wanafunzi wawili daraja la kwanza, na hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa madaraja ambao baadaye ulileta mkanda mweusi. Tangu mwaka wa 1893 alifundisha wanawake pia. Mwaka wa 1922 alimwalika Kodokan Gichin Funakoshi, mwalimu kutoka Okinawa, aje kuonyesha karate. Karate iliiga kutoka judo vazi la mazoezi na utaratibu wa madaraja. Kwa hiyo hata kijana wa Bunia anayechagua karate anavaa mkanda uliotoka katika kazi ya Kano.

Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza shule kuu ya kuandaa walimu mjini Tokyo. Mwaka wa 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka wa 1912 aliongoza wanariadha wa Japani kwenye michezo ya Stockholm, iliyokuwa ya kwanza kwao. Safari yake ya mwisho ilipitia Afrika: mwezi wa Machi 1938 alihudhuria mkutano wa kamati hiyo mjini Cairo, Misri. Akiwa njiani kurudi, alifariki ndani ya meli Hikawa Maru tarehe 4 Mei 1938, akiwa na miaka 77. Judo iliingia Olimpiki mwaka wa 1964, mjini Tokyo.

Njia hiyo ilifika hata kwa watoto wa mashariki mwa Kongo waliokimbia vita. Popole Misenga na Yolande Mabika, wazaliwa wa Bukavu, walitenganishwa na familia zao wakiwa wadogo, wakapelekwa Kinshasa, na huko, katika makao ya watoto, wakakutana na judo. Mwaka wa 2016 wote wawili walishindana Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, na Misenga alishinda pambano lake la kwanza.

Anayeanza leo anaweza kufuata nyayo za Kano. Achague mwalimu kabla ya kuchagua jina la mchezo, na aulize watu wanaomfahamu. Atazame mazoezi siku moja kabla ya kulipa: je, wanafunzi wanafundishwa kuanguka vizuri? Je, wanapambana na mwenzao anayekataa kushindwa, au wanapiga hewa tu? Wadogo na wasichana wanatunzwa, au wanafanywa ngoma ya wakubwa? Judo inafaa zaidi pale mtu anaposhikwa na kuvutwa, na karate au taekwondo pale anapopigwa kutoka mbali. Baada ya miaka michache, hakuna kinachomzuia kujifunza ya pili, kama Kano alivyofanya.

Kuna mpaka pia, na katika Ituri, jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa Mei 2021, ni lazima usemwe wazi. Hakuna mkanda unaozuia risasi wala panga. Mbele ya mwenye silaha, kukimbia au kumwachia simu ndiyo kujilinda. Mazoezi yanamsaidia kijana dhidi ya mwonevu wa shuleni na mlevi wa njiani, na yanampa utulivu wa kutambua mapema ni lini aondoke. Kano mwenyewe alianza kwa kutaka kuwashinda waliompiga, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwafundisha vijana namna ya kuangushana bila kuumizana.