Johannes Rebmann na theluji iliyokataliwa London

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mlutheri aliyetumwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuishi Rabai pamoja na Ludwig Krapf. Sisi wa Moshi tunamkumbuka hasa kwa siku moja.

Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kuja Uchagani na kiongozi wa msafara Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima. Alipouliza ni nini, aliambiwa ni baridi tu. Yeye alikulia penye theluji. Hakuhitaji maelezo zaidi. Akaendelea hadi Kilema kwa Mangi Masaki, miaka zaidi ya arobaini kabla mapadre wa Roho Mtakatifu hawajaanzisha misheni yao huko. Alisimuliwa pia habari za watu waliopanda kutazama kama weupe ule ni fedha, wakaangamia, na pepo wakalaumiwa.

Habari zake zilichapishwa London mwaka 1849. Mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa: theluji ya kudumu karibu na ikweta haikumwingia akilini, basi mmisionari amedanganywa na macho yake. Maumbile yenyewe hayakuwa na kosa. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila tunapopanda kilomita moja, na Kibo ina mita 5,895. Cooley alishika nusu ya kanuni akaikana theluji. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlimani, theluji ikamwangukia mwenyewe.

Je, kama pepo hawahitajiki, Mungu naye hahitajiki? Darasani kwetu swali hili halina mchezo. Tunakubali kwamba kwa kueleza ubaridi wa Kibo hatuna haja ya kumchomeka Mungu kati ya nyuzi moja na nyingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kufundisha kwamba viumbe ni visababishi vya kweli. Lakini neno “sheria” hutuchezea. Sheria ya maumbile haitawali kama Mangi; inaeleza tu jinsi vitu vinavyoenda. Haitoi amri, wala haielezi kwa nini kuna mlima badala ya kutokuwepo chochote. Asiyeamini atajibu kwamba utaratibu huo upo tu, basi. Jibu lake si la kipuuzi, na theluji peke yake hailiangushi. Sisi tunaona amesimama mapema mno, kama Cooley alivyoridhika na nusu ya kanuni.

Rebmann hakuingia sana katika mabishano hayo. Alibaki Rabai, akakusanya maneno ya kamusi ya Kinyanja, akapofuka. Alirudi Ujerumani mwaka 1875, na akafariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ilitoka mwaka uliofuata.