Sheria Ilipekua Sanduku, Ikasahau Kichwa

Wazee wengi wa pwani wanalijua neno merikani. Ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichovaliwa na wengi katika karne ya 19 na hata kutumika badala ya fedha katika misafara ya bara. Jina lenyewe linatoboa siri ya asili yake. Lisilojulikana na wengi ni kwamba ufundi uliozaa kitambaa hicho ulifika Marekani kwa kuvunja sheria ya Uingereza, ukiwa umehifadhiwa kichwani mwa kijana wa miaka 21, Samuel Slater.

Slater alizaliwa mwaka wa 1768 huko Belper, Derbyshire, akiwa mwana wa mkulima. Alipotimiza miaka 14 aliingia katika uanagenzi chini ya Jedediah Strutt, aliyewahi kushirikiana na Richard Arkwright, mwenye mitambo mashuhuri ya kusokota nyuzi kwa nguvu za maji. Kwa zaidi ya miaka sita kijana huyo alijifunza kila gurudumu na kila mkanda, hatimaye akapewa jukumu la usimamizi.

Wakati huo Uingereza iliulinda ufundi wake kwa wivu mkubwa. Sheria ya mwaka wa 1718 ilipiga marufuku kuwashawishi mafundi wahamie nchi za kigeni. Ile ya 1774 ilizuia kusafirisha zana za pamba, na mwaka wa 1781 katazo hilo likapanuliwa hadi michoro na mifano ya mitambo. Aliyekiuka alikabiliwa na adhabu kali.

Mnamo 1789 Slater alipanda merikebu jijini London akijisingizia kuwa mfanyakazi wa shambani. Hakubeba mchoro wala chombo. Maafisa wa forodha waliweza kupekua sanduku, lakini kichwa hakipekuliki. Wahenga walikwisha kutwambia kwamba akili ni mali.

Yaliyofuata ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa Rhode Island, Moses Brown, tayari alikuwa amenunua mitambo iliyoigizwa kutokana na ile ya Arkwright. Mitambo hiyo ilikaa Pawtucket bila faida, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua jinsi ya kuiendesha ipasavyo. Slater alipoiona aliikataa. Kwa msaada wa seremala Sylvanus Brown na wahunzi wa jamaa ya Wilkinson, aliunda mingine kwa kumbukumbu tupu. Mwezi wa Desemba 1790 nyuzi zikaanza kusokotwa.

Sifa hizi zisitupofushe. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto tisa, wa kati ya miaka saba na 12. Isitoshe, viwanda vya namna hiyo vilipozidi kukua, vilitegemea pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Mwaka wa 1833 Rais Andrew Jackson alimtembelea na kumtukuza kama baba wa viwanda vya Marekani. Kwao Belper alihesabiwa kuwa msaliti. Mwaka uo huo wa 1833, Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na vitambaa vya Massachusetts vikazidi kumiminika katika mwambao wetu. Slater alifariki mwaka wa 1835, akiwa tajiri. Uingereza ilikuwa imekwisha kuifuta marufuku ya mafundi mwaka wa 1824. Ile ya mitambo iliondolewa mwaka wa 1843.

Ajabu ya historia ni kwamba aliyenufaika jana kwa mlango uliovunjwa ndiye mfunga mlango wa leo. Mwezi wa Oktoba 2022 Marekani iliizuia China isipate vipande vya kisasa vya kompyuta pamoja na mitambo ya kuviunda, na ikawawekea raia wake mipaka ya kusaidia kazi hiyo huko. Sheria ya 1718 imevaa kanzu mpya.

Sisi tulio nje ya ugomvi huo tuna mazoea ya kulalamika kwamba mataifa makubwa yanatunyima elimu. Malalamiko hayo yana haki. Hata hivyo, mara ngapi tumenunua mtambo kwa mamilioni, mtaalamu wa kigeni akaurudia ndege yake, na mtambo ukaota kutu? Hiyo ndiyo hali ya Pawtucket kabla ya Slater. Tena Slater asingefua dafu bila seremala na wahunzi waliomwelewa alipoeleza.

Kwa hiyo uanagenzi tunaoudharau, karakana za vyuo vyetu zilizokosa zana, na mafundi wa jua kali wasiotambuliwa, hayo yote ni sehemu ya suala hili. Siku elimu itakapopenya forodha za wenyewe na kubisha hodi kwetu, itahitaji mikono iliyokwisha kufunzwa kuipokea.