Beryl Markham: Manzi wa Njoro Aliyevuka Atlantic Pekee Yake, na Bili Iliyobaki Nyumbani

Kuna beshte yangu hapa Malaba amemaliza form four na gredi ya kueleweka, na kitu iko kwa kichwa yake ni moja tu: anataka kuwa rubani. Si ati anaota tu. Amepiga simu Wilson, amepewa bei, na bei ni ya mamilioni. Buda yake ako tayari kuuza kipande cha shamba kule Amagoro. Mathe amekataa katakata. Sasa wamenigeukia mimi niwaamue, ati juu mimi hushinda nikisoma kwa mtandao. Mimi, msee aliyeacha kolegi mwaka wa pili!

Badala ya kubahatisha, nikaamua kutafuta mtu aliyeifuata hiyo kazi mpaka mwisho, tuone ilimpa nini na ilimnyang'anya nini. Nikampata manzi mmoja aliyekulia Njoro, jina Beryl Markham. Alikufa 1986, wengi wetu hata hatukuwa tumezaliwa. Lakini stori yake bado iko moto.

Mtoto aliyeachwa

Beryl alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka kama minne. Fathe yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi, na alianzisha shamba Njoro wakati huko bado ni msitu. Mathe yake hayo maisha yalimshinda. Alimchukua mtoto wa kiume, kaka mkubwa wa Beryl, akarudi naye Uingereza. Beryl akabaki. Shika hapo, tutarudi.

Basi mtoto akalelewa na shamba. Mbogi yake ilikuwa vijana wa Kinandi na Kipsigis. Alijifunza Kiswahili na lugha yao, akajua kurusha mkuki, akawinda nao porini. Kuna siku simba aliyefugwa kwa shamba la jirani alimrukia, akapona. Beshte wake wa karibu aliitwa Kibii, ambaye akiwa mkubwa alijulikana kama arap Ruta. Na shule? Alipelekwa Nairobi, wakashindana na walimu, akafukuzwa. Hapo nilijiona kidogo.

1919, kabla hajafikisha miaka 17, aliolewa na mzungu jirani anaitwa Jock Purves. Ndoa haikwenda mbali. Mambo ya shamba yakaharibika, ukame ukammaliza fathe, akaenda Peru kutafuta kazi ya farasi. Beryl akakataa kuhama. Akiwa bado tineja alichukua leseni ya kufunza farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza Kenya kufanya hivyo. 1926 farasi wake, Wise Child, akashinda mbio za St Leger jijini Nairobi. Kufikia hapo, ukimwambia Beryl kitu haiwezekani, unampotezea tu muda.

Gervase

1927 aliolewa tena, na Mansfield Markham, jamaa wa familia yenye chapaa. Februari 1929, London, wakapata mtoto wa kiume, Gervase. Mtoto alizaliwa na matatizo ya kiafya, akahitaji upasuaji. Ndoa nayo ilikuwa inapasuka. Jina la Prince Henry, mtoto wa mfalme wa Uingereza, lilikuwa ndani ya hiyo kesi, na waandishi wa maisha ya Beryl wanasema ikulu ilipanga alipwe pauni 500 kila mwaka maisha yake yote ndio mambo yasifike kortini.

Halafu Beryl akarudi Kenya. Gervase akabaki Uingereza, akilelewa na nyanyake, mama ya Mansfield.

Ukihesabu vizuri, mtoto aliyeachwa na mathe yake Njoro sasa ameacha mtoto wake London. Na hata hajagusa ndege bado. Kwa hivyo si haki kusema ndege ndiyo iliyomtoa nyumbani. Alikuwa ashatoka. Ndege ilimpa tu sababu nzuri ya kutorudi.

1931

Mwaka huo reli iliyopita hapa kwetu Malaba ikafika Kampala. Watu wa border walikuwa wakishangaa treni. Nairobi, Beryl alikuwa juu ya treni na sisi wote, anajifunza kurusha ndege.

Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways. Hiyo kampuni ilianzishwa 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, na ndiye Wilson Airport imepewa jina lake. Kumbe ile namba beshte yangu alipiga ina historia ya wanawake watupu.

Mei 14 mwaka huohuo, Denys Finch Hatton, mwindaji ambaye Beryl alimpenda, alipaa kutoka Voi na ndege yake ikaanguka ikashika moto. Alikufa pamoja na Kamau, Mkikuyu aliyekuwa akimfanyia kazi. Beryl alikuwa amealikwa kwa hiyo safari. Hakwenda kwa sababu Tom alimsihi asiende.

Wengi wetu tungeacha ndege siku hiyo. Beryl alipata leseni ya kwanza miezi michache baadaye. 1932 akatoka Kenya pekee yake kwa kandege kadogo, akifuata Nile kupitia Sudan na Misri, mpaka Uingereza. 1933 akapata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata.

Kazi yenyewe

Sasa wacha nikuambie hiyo kazi ilikuwa inakaa aje, juu watu huona tu yunifomu na miwani.

Alibeba barua. Alibeba abiria. Alipeleka dawa. Kuna usiku alipeleka mtungi wa oksijeni mpaka Nungwe, machimbo ya dhahabu kule kusini mwa Ziwa Victoria, kwa mchimbaji aliyekuwa anakufa na mapafu. Kutua usiku kulimaanisha kutafuta moto uliowashwa chini kwa nyasi. Hakuna taa za kiwanja, hakuna mtu wa kumwongoza kwa redio. Akilipwa vizuri, ilikuwa kwa kazi ya kutafuta ndovu wenye pembe kubwa kutoka hewani, ndio matajiri wa safari za kuwinda wajue wapi pa kwenda. Bror Blixen alikuwa mmoja wa wale aliofanya nao hiyo biashara. Ukweli usemwe, hiyo sehemu ya CV yake leo ingemletea balaa.

Na Ruta? Yule kijana waliyekua pamoja alikuwa sasa mfanyakazi wake, anashughulikia ndege ikiwa chini. Wawili walikimbia porini wakiwa sawa. Mmoja akaingia kwa kiti cha rubani, mwingine akabaki kwa nyasi akingoja. Siku hizo swali la kama urubani unalipa halikuulizwa kijana Mwafrika wa Kenya. Lilikuwa limejibiwa kwa niaba yake. Kwa hivyo beshte yangu akikuna kichwa usiku mzima hapa Malaba, hata huko kukuna kichwa ni haki iliyochelewa kufika.

Pia kumbuka zile pauni 500. Beryl akianguka, alikuwa na kitu ya kumshika. Kwa familia ya beshte yangu, kitu ya kumshika ni hilo shamba la Amagoro, na ndilo linauzwa.

Usiku wa Atlantic

Septemba 4, 1936, jioni, Beryl alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi. Ndege ilikuwa Vega Gull, mali ya jamaa wa Kenya anaitwa John Carberry. Kwenda magharibi ni noma kuliko kuja mashariki, juu upepo unakupiga uso njia nzima. Amelia Earhart alikuwa ameivuka 1932 akienda mashariki. Upande huu mwingine hakuna mwanamke alikuwa amemaliza akiwa pekee yake.

Hakuwa na redio. Kabini ilikuwa imejazwa matangi ya mafuta. Tangi moja likiisha, injini inanyamaza, na ndege inaanza kushuka gizani kuelekea bahari huku anatafuta kwa mkono mahali pa kufungulia tangi lingine. Mvua na mawingu usiku kucha. Baada ya masaa kama 20 hivi akaona nchi kavu, halafu mafuta yakagoma, injini ikakohoa, na akashuka kwa kinamasi Cape Breton, Canada. Pua ya ndege ikazama kwa matope. Alitoka na jeraha kichwani, akitembea.

New York alikuwa ameitaka hakuifikia na hiyo ndege, lakini jiji lilimpokea kama malkia. Mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantic kutoka Uingereza kwenda magharibi akiwa solo. Picha kila mahali.

Sherehe haikudumu. Septemba 19, wiki mbili tu baadaye, Tom Campbell Black alikufa kwa kiwanja cha ndege Liverpool. Alikuwa bado ardhini, ndege nyingine ikamgonga. Yule aliyemfundisha kila kitu, na aliyemzuia kupanda ndege ya Voi, akaenda hivyo.

Bili

Hapa ndipo nilishangaa. Kazi ya Beryl ya kurusha ndege kwa malipo, hesabu kutoka 1933 mpaka hiyo 1936, ni miaka michache tu. Baada ya Atlantic alienda Marekani, akatoa kitabu chake West with the Night 1942, akaolewa mara ya tatu, ikavunjika pia. Kitabu kilisahaulika. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa amerudi Kenya na kwa farasi wake, na huko akashinda sana, Kenya Derby zaidi ya mara moja. Kilichomlisha maisha marefu kilikuwa farasi. Ndege ilimpa jina.

Gervase alikua mbali naye. Akaoa, akapata watoto. 1971 akafa kwa ajali ya barabarani. Mathe yake alikuwa amevuka bahari pekee yake usiku, lakini ile ya kati yake na mtoto wake hakuwahi kuimaliza.

Uzeeni alikuwa anaishi kwa kanyumba kadogo karibu na uwanja wa farasi wa Ngong Road, pesa ikiwa imekauka. 1983 kitabu kikachapishwa upya Marekani, kikauza vibaya sana, yaani vizuri. Angalau miaka ya mwisho akapumua. Alikufa Agosti 3, 1986, akiwa na miaka 83.

Sasa nilimwambia nini beshte yangu

Mimi buda yangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa mpaka Kampala. Tulikuwa tunamwona siku ambazo amekwama kwa foleni ya Malaba. Foleni ikiwa refu, watu wote wanalia hasara, sisi watoto tunafurahi. Tulikuwa tunaombea foleni. Alisomesha wote watatu, na mimi ndiye nilitupa hiyo nafasi. Sijawahi kumwambia kama ilikuwa sawa au haikuwa.

Kwa hivyo nilimpa beshte yangu hesabu ya kawaida kwanza. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo inataka masaa 200 hewani, au 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa. Ukitaka kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, ni masaa 1,500. Kati ya hizo namba mbili ndipo wengi hukwama, na leseni mkononi na shamba lishauzwa. Afya yako itapimwa kila wakati, na jicho moja likigoma, basi.

Halafu nikamwambia hiyo ni bili ya kwanza tu. Ya pili hulipwa na wale wanaobaki chini, na hakuna mtu huwauliza. Beryl sidhani alijuta, na singemwambia msee yeyote asipae. Lakini yeye hakuuliza mtu.

Nikamwambia aende nyumbani akamuulize mathe yake kwa nini amekataa, na anyamaze mpaka amalize kuongea. Alirudi jioni. Kumbe mathe hakuwa anapigania shamba hata kidogo. Alikuwa ameshaolewa na msafiri mmoja, na hakutaka kuzaa mwingine.

Bado wanaongea. Shamba halijauzwa.