Edwin Land na Mwanga Unaotia Macho Kiwi

Simama Malaba mchana kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, halafu jaribu kumtazama dereva aliye ndani. Humwoni! Kioo cha mbele kinakurudishia jua na mawingu tu. Mpiga picha naye atapata weupe mtupu. Lakini akivalisha kamera yake filta ya polaraiza na kuizungusha polepole, weupe unatoweka na dereva anaonekana, pengine amelala fofofo. Aliyewezesha filta hiyo kutengenezwa kwa wingi ni Mmarekani Edwin Land, na ajabu ni kwamba shida yake kubwa haikuwa kamera. Ilikuwa barabara usiku.

Land alizaliwa tarehe 7 Mei, 1909, mjini Bridgeport, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu. Mwaka wa 1926 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, lakini baada ya miezi michache akaacha masomo, akaenda zake New York. (Walimu wasinielewe vibaya, sisemi tumuige.) Huko hakurandaranda. Mchana alisoma katika maktaba ya umma, na usiku alipenya kisirisiri katika maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia kufanya majaribio.

Alitafuta nini? Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ukigonga maji, kioo au lami iliyolowa, ule unaorudi hutikisika zaidi kwa mlalo. Sasa ukiweka mbele ya jicho kitu kinachopitisha mtikisiko wa wima tu, mng'ao unabaki nje. Mabati hapana, mng'ao wa chuma kitupu haupangiki hivyo, basi paa jipya litaendelea kukuumiza macho hata na filta. Wataalamu waliyajua haya zamani, ila walitegemea fuwele kubwa za bei ghali. Mwaka wa 1852 Mwingereza William Herapath alieleza fuwele ndogo zilizopatikana mkojo wa mbwa aliyepewa kwinini ulipotiwa iodini. Ndiyo, kwinini hii hii ya malaria! Zilichuja mwanga vizuri sana, lakini kuzikuza ziwe kubwa ilikuwa kazi bure. Land akaligeuza jambo: akachukua mamilioni ya fuwele ndogo mno, akazipanga zielekee upande mmoja ndani ya utando wa plastiki. Aliomba hataza mwaka wa 1929, hajatimiza hata miaka 20.

Mwaka wa 1932 alifungua maabara pamoja na George Wheelwright, aliyekuwa mwalimu wake wa fizikia, na mwaka wa 1937 ikazaliwa kampuni ya Polaroid. Kodak walinunua filta za kamera, kisha ikaja miwani ya jua. Lakini moyo wa Land ulikuwa kwenye magari. Alitaka kila gari liwe na filta iliyoinamishwa kwenye taa za mbele na nyingine mbele ya macho ya dereva, hivi kwamba dereva aone kwa taa zake mwenyewe lakini zile za anayekuja zizuiwe. Aliwabembeleza wenye viwanda miaka mingi, lakini wapi! Filta zilipunguza nguvu za taa, tena anayenunua wa kwanza hafaidiki mpaka wenzake wote wanunue. Mpango ukafa. Sisi tunaotembea usiku kando ya barabara ya Malaba kwenda Bungoma, lori likija na taa kubwa, tunajua tulichokosa.

Mwaka wa 1943 binti yake wa miaka mitatu alimuuliza kwa nini hawezi kuona picha yake papo hapo. Kutokana na swali hilo, Novemba 1948 kamera ya picha za papo kwa papo iliuzwa Boston.

Hapa sasa simtetei. Mwaka wa 1970 wafanyakazi wake weusi, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya Polaroid ilitumiwa Afrika Kusini kupiga picha za vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni wangeelewa mara moja. Hunter alifutwa kazi, na kampuni ikajikokota mpaka mwaka wa 1977 ndipo ikaondoka huko.

Land aliaga dunia tarehe 1 Machi, 1991, akiwa na hataza 535. Wengi walimwita Daktari Land, ingawa shahada zake zote zilikuwa za heshima.